Serumu kwa Aliyeumia Kichwa: Aina Gani, Kiasi Gani, kwa Kasi Gani

Ukihudumu katika kituo cha afya hapa Goma, pale Ndosho, Majengo au Mugunga, mgonjwa huyu unamjua. Ameanguka na pikipiki kwenye barabara ya mawe ya volkeno, hakuvaa kofia ya kinga, na wasamaria wamemleta kwa pikipiki nyingine wakiwa wamembana katikati, kichwa kinaning'inia. Anakoroma. Ukimwita jina anafungua macho kidogo, kisha anayafumba. Hujamaliza hata kumpima presha, ndugu zake wameshafika mlangoni na swali lao: "Dokta, mbona bado hajatundikiwa serumu?"

Mwongozo huu ni wa saa ile. Nauandika kwa ajili ya muuguzi au daktari kijana aliye peke yake zamu ya usiku, na pia kwa mama au kaka anayelinda mgonjwa kitandani, maana mara nyingi mkono unaofungua serumu ikimbie si wa muuguzi. Ninalotaka ulishike ni hili: serumu ni dawa, na kasi yake ni sehemu ya dozi. Chupa ileile ya nusu lita ikiingia kwa robo saa inaweza kuokoa ubongo wa mgonjwa mmoja na kuuzidishia uvimbe wa mwenzake wa kitanda cha pili. Kinachoamua ni presha ya damu, aina ya maji yaliyomo kwenye chupa, na hali ya ubongo wenyewe.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Fuvu la mtu mzima ni mfupa usiotanuka. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, unaochukua takriban asilimia 80 ya nafasi, damu iliyo ndani ya mishipa, na maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, ambayo kwa jumla ni kama mililita 150. Kimoja kikiongezeka, kingine sharti kipungue. Damu ikivujia ndani ya fuvu, mwanzoni yale maji huteremka kwenye uti wa mgongo na damu ya vena hukamuliwa itoke, kwa hiyo shinikizo hubaki karibu na kawaida na mgonjwa anaweza hata kuuliza pikipiki yake iko wapi. Nafasi hiyo ikishakwisha, nyongeza ndogo tu hupandisha shinikizo kwa ghafla. Ndiyo sababu mtu aliyekuwa akizungumza saa mbili usiku unamkuta saa nne haamki.

Kwa mtu mzima aliyelala, shinikizo hilo kwa kawaida ni milimita 5 hadi 15 za zebaki. Likipita 22 na kubaki huko, wataalamu wa majeraha ya ubongo huanza kulishusha kwa dawa au upasuaji. Kulipima kunahitaji kifaa kinachoingizwa ndani ya fuvu, na kituoni kwako hakipo. Hesabu yake lakini unaweza kuifanya kichwani. Nguvu inayopeleka damu ubongoni ni presha ya wastani ya mishipa ukitoa shinikizo la ndani ya fuvu. Presha ya wastani ikiwa 90 na fuvu likiwa na 15, ubongo unabakiwa na 75, inatosha. Fuvu likipanda hadi 30 huku presha ikishuka hadi 60, unabakiwa na 30, na hapo seli zinaanza kufa.

Kwa hiyo ubongo ulioumia una maadui wawili, presha ya damu inayoshuka na shinikizo la fuvu linalopanda, na serumu unayoitundika inawagusa wote wawili kwa pamoja.

Tuanze na inavyopandisha shinikizo. Kuta za mishipa midogo ya ubongo hupitisha maji kwa urahisi lakini huzuia chumvi. Damu ikiwa nyepesi kuliko ubongo, maji huhama kutoka kwenye damu na kuingia ubongoni. Msukumo wake si mdogo: tofauti ya miliosmoli moja tu kwa kila kilo ya maji inasukuma kwa nguvu ya karibu milimita 19 za zebaki. Serumu ya glukosi 5% ndiyo mkosaji mkubwa hapa. Kwenye chupa inaonekana nzito vya kutosha, lakini ikishaingia mwilini sukari hutumika na kinachobaki ni maji matupu. Kumtundikia aliyeumia kichwa chupa mbili za glukosi kwa haraka ni kuutia ubongo wake maji. Serumu ya chumvi ya 0.9% ina sodiamu 154 kwa lita, juu kidogo ya damu, ambayo ina 135 hadi 145. Hiyo ndiyo serumu ya kichwa. Ringer ina sodiamu kama 130. Haikatazwi kabisa, na ikiwa ndiyo pekee iliyopo na presha ya mgonjwa imeanguka, mpe. Lakini penye chaguo, chukua ya chumvi.

Njia ya pili hupitia kifuani. Maji mengi yakiingia kwa kasi, vena kubwa zinazorudisha damu kwenye moyo hujaa, na damu inayotoka kichwani hupata shida kuteremka. Kwa kijana mwenye moyo mzima na shingo iliyonyooka athari ni ndogo na hupita. Kwa mwenye moyo dhaifu au figo zisizokojoa, aliyelazwa kichwa chini na shingo imepinda, shinikizo hupanda na kubaki juu.

La tatu ni kwamba mishipa ya ubongo mzima hujirekebisha yenyewe: presha ikipanda hubana, ikishuka hutanuka, damu inayopita ibaki ileile. Ubongo uliogongwa unaweza kupoteza uwezo huo, na kuta za mishipa yake huanza kuvuja. Hapo chochote unachoingiza kwa pupa kinafika moja kwa moja mahali pabaya.

Lakini usiishie hapo ukasema basi, tumnyime serumu. Presha ikianguka, mishipa ya ubongo inayofanya kazi hutanuka ikitafuta damu. Kutanuka huko kunaongeza ujazo wa damu ndani ya fuvu, na shinikizo linapanda. Kwa mgonjwa huyo, nusu lita ya chumvi iliyoingizwa haraka inaweza kulishusha. Zamani ilifundishwa kwamba mgonjwa wa kichwa akaushwe. Mafundisho hayo yameachwa, na mtu akikuambia bado yapo, mwombe akuonyeshe presha ya mgonjwa wake.

Aina ya maji ilijaribiwa waziwazi. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotolewa mwaka 2007 ulifuatilia majeruhi 460 wa ubongo, wengine wakipewa albumini ya 4%, wengine serumu ya chumvi. Baada ya miezi 24, waliokufa upande wa albumini walikuwa asilimia 33.2, upande wa chumvi asilimia 20.4. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa shinikizo ndani ya fuvu lilikuwa juu zaidi kwa waliopewa albumini. Serumu ya chumvi, ile rahisi iliyomo kabatini kwako, ilishinda ya gharama kubwa.

Mgonjwa yuko mbele yako: fanya hivi

Kabla ya chupa, pumzi. Safisha kinywa, fungua njia ya hewa, mpe oksijeni kama ipo. Asiyepumua vizuri hukusanya kaboni dioksidi kwenye damu, nayo hutanua mishipa ya ubongo na kupandisha shinikizo kuliko serumu yoyote utakayokosea. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30. Kama kitanda hakiinuki, weka matofali chini ya miguu yake ya upande wa kichwa. Shingo inyooke, na ilindwe isizungushwe hadi uhakikishe haijavunjika. Legeza kola na kamba yoyote ya shingoni.

Sasa presha, mapigo, mboni za macho, na kiwango cha fahamu. Andika saa. Pima sukari ya kidole. Sukari ikiwa chini, mpe glukosi ya kiwango kizito kwa kipimo cha protokali yenu, kwa sababu ubongo usio na sukari unakufa haraka. Huko ni kutibu sukari, na ni jambo tofauti kabisa na kutundika glukosi 5% "ili apate nguvu". Sukari ikiwa ya kawaida, glukosi haina kazi kwenye kichwa hicho.

Weka kateta ya kijani, namba 18, au kubwa zaidi. Kisha angalia namba ya juu ya presha.

Iwapo imeshuka chini ya 110 kwa mtu wa miaka 15 hadi 49, au kwa aliyepita 70 (kwa wa miaka 50 hadi 69 mpaka ni 100), fungua serumu ya chumvi mililita 250 hadi 500 ikimbie, kwa dakika 10 hadi 20, ukiwa umesimama hapo hapo. Pima tena. Ikipanda, punguza mara moja. Isipopanda, rudia, na wakati huohuo jiulize damu inatokea wapi, maana kwa mtu mzima jeraha la kichwa peke yake ni nadra kuangusha presha. Bonyeza tumbo, kagua nyonga, paja, kifua. Mgeuze kwa uangalifu uone mgongo. Mshtuko wa damu unahitaji damu na mpasuaji. Lita ya tatu ya chumvi haitafanya kazi ya damu. Itaipunguzia damu nguvu ya kuganda na kuuvimbisha ubongo. Mtoto mchanga ni tofauti kidogo: damu inayotoka kwenye ngozi ya kichwa pekee inaweza kutosha kumwangusha presha, na kwake utosi uliovimba na kukaza hukuonyesha shinikizo ambalo kwa mtu mzima hulioni.

Wanaopokea majeruhi wa risasi wana la kuongeza. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hospitali ya CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hufanya kazi na wenzao wa hapa, ilielemewa na majeruhi. Mtu aliyepigwa tumboni peke yake, wapasuaji huvumilia presha yake ibaki chini kidogo hadi damu izuiwe. Akiwa na jeraha la kichwa pia, uvumilivu huo haumfai. Kwake presha lazima ishikiliwe.

Iwapo presha ni ya kawaida, usimkimbizie chochote. Anahitaji maji ya siku tu: mililita 25 hadi 30 kwa kila kilo kwa saa 24. Mtu wa kilo 60 ni lita moja na nusu hadi lita 1.8, basi.

Na sasa mtego unaowakamata wengi. Presha imepanda hadi 180, mapigo yameshuka hadi 50, pumzi inakwenda kwa kusitasita. Anayeona mapigo tu atadhani mgonjwa anadhoofika na kufungua serumu. Huo ni ubongo unaobanwa na unalazimisha presha ipande ili damu ifike. Usifungue serumu, na usimpe dawa ya kushusha presha. Huyu ndiye wa mannitoli au chumvi nzito ya 3%, na wa gari la kwenda hospitali kubwa sasa hivi. Mannitoli ya 20% hutolewa gramu 0.25 hadi 1 kwa kilo ndani ya dakika 15 hadi 20. Chupa ya mililita 250 ina gramu 50. Itavuta mkojo mwingi, kwa hiyo usimpe mwenye presha iliyoanguka, na weka mpira wa mkojo. Tazama chupa kwenye mwanga kabla ya kuitundika: kwa baridi ya usiku wa Goma mannitoli huganda vichembe vyeupe. Itumbukize katika maji ya moto hadi viyeyuke, iache ipoe hadi joto la mwili, ndipo uitoe.

Neno moja juu ya deksa (deksamethasoni, moja ya steroidi), kwa kuwa bado naona inachanganywa kwenye serumu za wagonjwa wa kichwa. Utafiti mkubwa wa CRASH wa mwaka 2004, wenye majeruhi zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa steroidi ziliongeza vifo. Iache kabatini.

Kuhesabu matone

Mpira wa kawaida wa serumu hutoa matone 20 kwa mililita; soma pakiti yake, huwa imeandikwa. Chukua mililita unazotaka ziingie kwa saa, gawa kwa 3, unapata matone kwa dakika. Nusu lita kwa saa 4 ni mililita 125 kwa saa, yaani matone 42. Lita moja na nusu kwa siku ni mililita 63 kwa saa, matone 21. Mpira wa watoto wenye matone 60 kwa mililita ni rahisi zaidi: mililita kwa saa ndiyo idadi ya matone kwa dakika.

Hesabu kwa dakika nzima, simu ikiwa imewekwa karibu na kichupa cha matone, usikadirie kwa jicho. Kisha bandika ukanda wa plasta wima ubavuni mwa chupa na uandike saa: hapa saa tatu, hapa saa nne, hapa saa tano. Ukipita baada ya saa moja, jicho moja tu linakuambia kama maji yametangulia au yamechelewa. Rudia hesabu kila mgonjwa anapogeuzwa au chupa inapohamishwa msumari. Chupa ikipandishwa, matone huongezeka. Mkono ukikunjwa, hupungua, na ukinyooshwa tena hukimbia.

Mkojo ndio ushahidi wako wa mwisho: nusu mililita kwa kilo kwa saa yatosha, yaani mililita 30 kwa mtu wa kilo 60.

Usiyapeleke haya kwa mgonjwa wa kipindupindu

Mji huu unaijua serumu iliyochelewa. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Kivu Kaskazini kwa siku chache, na karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Timu ya Bangladesh iliyokuja kusaidia ilieleza mwaka 1995, katika jarida la Lancet, sababu za vituo kushindwa kuzuia vifo vingi: maji yaliingizwa polepole mno, serumu zisizofaa zilitumika, maji ya chumvi na sukari ya kunywa hayakutumiwa vya kutosha, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kipindupindu kikali. Aliyekaushwa na kipindupindu apewe Ringer mililita 100 kwa kilo: kwa aliyepita mwaka mmoja, 30 za kwanza kwa nusu saa, 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu. Kwa mtoto wa chini ya mwaka, saa moja kisha saa tano. Usimhesabie matone 21.

Mtoto mwenye homa kali na degedege naye ana njia yake. Mwaka 2011 ulitolewa utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi. Watoto 3,141 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri waligawanywa: wengine walipewa maji ya haraka, chumvi au albumini, wengine hawakupewa. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.5 na 10.6 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiopewa. Wengi walidhani ni ubongo au mapafu yaliyojaa maji. Uchambuzi wa baadaye ukaonyesha kuwa vifo vilivyozidi vilitokana hasa na moyo na mzunguko wa damu kushindwa. Watoto wenye kuhara na utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo usiutumie utafiti huu kuwanyima wanaoharisha.

Malaria ya ubongo yenyewe huvimbisha ubongo. Huko Blantyre, Malawi, watoto 168 walipigwa picha za MRI. Kati ya 25 waliokufa, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipofika. Mannitoli haikusaidia ilipojaribiwa Mulago, Kampala, kwa watoto 156, matokeo yakitolewa mwaka 2007. Kinachomsaidia mtoto huyo ni artesunati bila kuchelewa, sukari iliyopimwa na kurekebishwa, damu akiwa amepungukiwa sana, na maji ya kawaida kwa kasi ya kawaida.

Wewe unayemlinda mgonjwa

Mama, najua unavyoitazama ile chupa. Matone yanadondoka taratibu, saa zinakwenda, na jirani amekuambia kwamba ikiisha mapema mtatoka mapema. Kile kigurudumu kidogo kwenye mpira usikiguse. Serumu ya kichwa haipewi kwa kumtia mgonjwa nguvu, na kutiririka kwake polepole si dalili kwamba mmesahaulika.

Kazi uliyo nayo ni kubwa kuliko hiyo. Mwite mgonjwa jina kila nusu saa na usikilize anavyojibu. Muuguzi aitwe mara moja ukiona hajibu kama alivyojibu mwanzo, anatapika tena na tena, anatupwa na degedege, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, au mkono mmoja hausogei. Usimnyweshe chai wala uji kabla hujaambiwa, maana asiye na fahamu kamili hupaliwa. Na kama matone yamesimama kabisa, au mkono umevimba palipochomwa, sema hapo hapo.

Kwako muuguzi, mgonjwa anapopakiwa kwenda hospitali kubwa, usiandike tu "amepewa serumu". Andika ni serumu ya aina gani, mililita ngapi, zilianza saa ngapi na kumalizika saa ngapi; presha kabla na baada; mboni za macho; kiwango cha fahamu; mkojo. Punguza matone kabla gari halijaondoka, kwa sababu barabarani chupa inayoyumba haina anayeihesabu. Karatasi iwe mkononi mwa ndugu, na nakala yake ifungwe kwa plasta kwenye nguo ya mgonjwa.